Njugu za Brazili: kuokota bila kuuacha msitu bila miche

Hakuna anayeuparamia mti wa njugu za Brazili. Unaweza kufika mita 50, kilele chake kikiwa juu ya miti mingine yote, na tunda lake ni mpira wa ganda gumu kama mti wenyewe, uzito wake nusu kilo hadi kilo 2. Tunda husubiriwa lidondoke lenyewe wakati mvua za Amazoni zimekolea, hasa kati ya Desemba na Machi. Ndiyo maana wengi huamini kuwa kazi hii haiwezi kuudhuru msitu: shina halikatwi, tawi halivunjwi, kinachobebwa ni kile kilichokwisha kuanguka. Ni kweli, mti mkubwa haudhuriki. Hasara iko kwa mche ambao haukuota.

Tunda moja lina mbegu 10 hadi 25, na haziwezi kutoka zenyewe, kwa sababu tundu lililopo ni dogo kuliko mbegu. Anayelifungua ni aguti, mgugunaji wa ukubwa wa paka mwenye meno makali. Hula kiasi, nyingine huzifukia moja huku, moja kule, kama akiba. Zile anazozisahau ndizo huota, mara nyingi baada ya mwaka mzima au zaidi ardhini. Matunda yote yakiokotwa kila msimu kwa miongo mingi, aguti hapati cha kufukia. Akiwindwa naye, ndiyo basi kabisa. Mwaka 2003 jarida la Science lilichapisha utafiti wa maeneo 23 ya Amazoni: palipookotwa sana kwa muda mrefu, miti yenye kipenyo cha chini ya sentimita 60 ilikuwa haionekani, au ilikuwa michache mno. Wamebaki wazee watupu.

Lakini si kila mahali pako hivyo, na hapa ndipo mwokotaji mwenye shamba ana nguvu kubwa. Kwenye makonde yaliyopumzishwa karibu na miti mikubwa, miche huota kwa wingi, kwani aguti hupenda kuficha mbegu vichakani na mwanga unafika chini. Hata mche ukifyekwa, shina huchipua tena. Basi kabla ya kufyeka konde, pita kwanza, funga kitambaa chenye rangi kali kwenye kila mche, na uuache usimame. Kwa maoni yangu hatua hii ina faida kuliko kutupa mbegu mbili tatu chini ya mti mama, penye kivuli kizito ambamo mche hauwezi kukua. Ukitaka kuacha matunda kwa ajili ya wanyama, acha miti mizima bila kuokotwa na uibadilishe kila msimu.

Kila mti upewe namba kwenye kibati cha alumini na uwekwe kwenye ramani. Hesabu matunda yake kila msimu. Utaona haraka kwamba miti michache ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mavuno, mingine karibu haitoi kitu. Ulio na mimea tambazi iliyofunika kilele, kata mimea hiyo chini kwa panga. Majaribio ya miaka mingi katika jimbo la Acre nchini Brazili yalionyesha kuwa miti iliyoondolewa mzigo huo ilizaa zaidi, ingawa tofauti huchukua miaka kadhaa kuonekana. Panga lisiguse gome la mti wenyewe.

Kuhusu kuingia chini ya mti: tunda la kilo moja likitoka mita 40 linaua. Usiingie penye upepo wala mvua, na usianze mpaka matunda mengi yawe yameshadondoka. Ingia asubuhi tulivu, beba haraka, rundika mbali na matawi. Ila ukichelewa mno, unakaribisha adui mwingine: sumukuvu.

Kuvu za jamii ya Aspergillus hupenda njugu iliyolala kwenye udongo wenye maji. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliweka masharti makali kwa njugu zenye maganda kutoka Brazili kwa sababu hiyo. Rundo lipangwe tundu likitazama chini ili maji ya mvua yasiingie, na matunda yapasuliwe mapema, si baada ya wiki kadhaa. Panga lipige ukingo wa tunda. Njugu iliyojeruhiwa na panga itolewe hapo hapo, kwani kuvu hupenyea kwenye jeraha. Osha kwa maji safi, tupa zinazoelea, chuja. Kisha anika kwenye uchanja ulioinuliwa, chini ya paa, pande zote wazi, kwa tabaka jembamba, ukizigeuza mara kadhaa kwa siku. Gunia la plastiki kwa njugu mbichi ni kosa baya: joto na unyevu hubaki ndani. Wenye kifaa cha kupima maji huru, yaani maji ambayo kuvu huweza kuyatumia kukua, hulenga chini ya 0.70 kwenye kipimo cha 0 hadi 1.

Sheria ya Brazili inakataza kuukata mti huu, lakini mti ulioachwa peke yake katikati ya malisho ya ng'ombe huzaa kidogo. Ua lake lina kofia nzito inayofunuliwa na nyuki wakubwa tu, na nyuki hao wanahitaji msitu.

Kutoka ua hadi tunda kuanguka ni miezi 14 au 15. Ukame mkali wa 2015 na 2016 ulikuja kuonekana kwenye mavuno ya 2017, yaliyoporomoka vibaya. Kwa hiyo karibu na idadi ya matunda, daftari liwe na safu mbili zaidi: mvua ilinyeshaje, na maua yaliyotapakaa chini ya kila mti kati ya Oktoba na Desemba yalikuwa mengi au machache. Safu hizo ndizo zitakazokuambia mapema uandae magunia mangapi msimu ujao.