Mimi Sikuwa Karani

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye sendofu ya binti wa shangazi yangu. MC alikuwa mmoja wa wale vijana wenye sauti ya kuweza kukuuzia hata shati ulilolivaa. Katikati ya utambulisho wa ndugu kuna mtu alimnong'oneza, akachangamka. "Kumbe humu ndani tuna shujaa wa vita vya Kagera! Mzee wetu asimame, tumpe asante kwa utumishi wake!" Vigelegele. DJ naye akaachia mlio wa bunduki kwenye spika. Mlio wa bunduki, jamani.

Baba mdogo alisimama nusu, hata hakuachana vizuri na kiti. Akainua mkono kama mtu anayesimamisha daladala asiyo na hakika kama ndiyo yake, akaketi. Kisha akaanza kubandua karatasi ya chupa ya soda. Aliibandua yote, akaichana vipande, akavipanga pembeni ya sahani, safu mbili zilizonyooka. MC alishahamia kwa wajomba.

Baadaye kijana mmoja alikuja mezani kwetu, akainama, akampa mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee. Asante kwa utumishi wako."

"Marahaba." Akamtazama. "Utumishi? Mimi sikuwa karani, mwanangu."

Kijana alicheka akaenda zake. Baba mdogo hakucheka.

Maneno yale najua yalikotoka. Ni ya Wamarekani, ambao humwambia hivyo mwanajeshi yeyote wanayekutana naye dukani au uwanja wa ndege, nasi tumeyapokea kupitia filamu pamoja na mengine. Na hata huko, kwa ninavyosoma, askari wastaafu hawana jibu moja. Yupo anayefurahi, yupo anayesema nilifanya kazi yangu tu, yupo anayetazama viatu vyake mpaka mshukuruji aondoke. Kwetu sisi neno lenyewe limekaa vibaya zaidi. Mtumishi ni mtu wa serikali mwenye meza na mafaili, au ni mlokole mwenzako unapomwita kanisani. Aliyevuka mto Kagera na bunduki hajawahi kujiita mtumishi.

Usiku tulilala kwake, Morogoro. Mimi, kwa kiherehere changu, nikatoa simu nimsikilizishe ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ambayo hata sisi tuliozaliwa baadaye tumeikariri. Wanajeshi wa Nduli Idi Amin walikuwa wamekwisha kuvamia Kagera, ng'ombe wameswagwa, watu wameuawa, na daraja la Kyaka likavunjwa siku zile zile. Nikabonyeza. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mimi hunisisimka mwili kila mara.

Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miguu hakuitaja."

Nikadhani sikusikia.

"Alitaja uwezo, akataja sababu, akataja nia. Miguu hakuitaja. Sisi tulikwenda kwa miguu."

Ni kweli walikwenda kwa miguu. Mutukula Januari 1979, Masaka mwishoni mwa Februari, Kampala tarehe 11 Aprili. Ukiitazama ramani ni safari ya basi ya nusu siku. Wao waliitembea miezi, mvua ikiwanyeshea, begani mtu kabeba chake na cha mwenzake. Vita vilipokwisha mwezi Juni walikuwa wamefika hadi mpaka wa kaskazini magharibi mwa Uganda. Nilikuwa nayajua haya kama tarehe za mtihani. Sikuwahi kuyafikiria kama magoti.

Basi nikamuuliza moja kwa moja kwa nini hapendi kushukuriwa. Hakunijibu swali langu. Akanisimulia ya bibi mmoja.

Ilikuwa Masaka. Mji ule, alisema, tuliuacha umelala chini. Watu walikuwa wameyaona ya Kagera, wakaingia na hasira zao. Siku ya pili au ya tatu amesimama zamu kando ya barabara, akatokea bibi kizee na kitambaa kichwani, mkononi ana ndizi mbili za kuchoma zilizofungwa kwenye jani. Akampa. Akapiga magoti, kama wafanyavyo wanawake wa kule wakimheshimu mtu, akasema "webale nnyo," yaani asante sana. Baba mdogo alikuwa na miaka ishirini. Bibi ana umri wa kumzaa mama yake, na anampigia magoti yeye. Nyuma ya bibi palikuwa na nyumba isiyo na paa na ukuta mmoja.

"Ilikuwa nyumba yake?"

"Sikuuliza."

"Nani aliibomoa?"

Alinyamaza kwanza. "Ndizi nilikula," akasema. "Nilikuwa na njaa."

Kule Uganda waliwaita bakombozi, yaani wakombozi. Kampala watu walijaa barabarani, wakawakumbatia, wakaimba. Kwa hiyo si kwamba baba mdogo hakuwahi kushukuriwa mpaka alipokuja MC na DJ wake. Alishukuriwa mapema mno, tena na mtu ambaye hakujua kama anastahili kumtazama usoni. Nadhani tangu siku ile kila asante humfikia ikiwa na jani la mgomba.

Hapa nitachepuka kidogo. Neno asante tumelipata kwa Waarabu, na kwao mwanzo wake ni kumwambia mtu: umetenda vyema. Sisi tumeshasahau, tunalitoa hata kwa konda. Lakini mwambie askari mzee "umetenda vyema" halafu uangalie anavyoanza kupekua kumbukumbu zake kutafuta ni lipi hasa.

Nisije nikaonekana nasema wote wako hivyo. Ana rafiki yake, mzee aliyekwenda kama mwanamgambo, na huyo ukimshukuru husimama wima na kukupokea kwa roho nyeupe. Akimaliza hukukumbusha kwamba asante haichemshwi. Vita vilipokwisha wanamgambo walirudi mashambani kwao, na kilio chake kuhusu kiinua mgongo nimekisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kukiendeleza anapopumua. "Shukrani ya punda," husema, na mateke anakuachia umalizie mwenyewe. Siwezi kumlaumu. Ni rahisi sana kupiga makofi.

Baba mdogo kwa hilo halalamiki, au hajalalamika mbele yangu. Lake ni jingine. Anasema asante zote zinakosea anwani. "Pelekeni Kaboya." Kaboya iko Muleba, ndiko yaliko makaburi ya askari wetu wa vita vile, zaidi ya mia sita. Mmoja wao alikuwa akilala kitanda cha pili yake kambini, akikoroma, na baba mdogo bado anamkumbuka kwa ule ukoromaji kabla ya kumkumbuka kwa sura. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, yanapowekwa mkuki na ngao na mashada, yeye huzima redio. Nilikuwa nadhani ni dharau. Mimi mwenyewe hupita karibu kila siku pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, chini ya yule askari wa shaba na singe yake, amesimama tangu 1927 kwa ajili ya waliokufa katika vita ya kwanza ya dunia, na sijawahi kumtazama zaidi ya kukwepa bodaboda. Faida ya sanamu ni kwamba haioni haya ukiisifu.

Asubuhi nilimpigia mama simu, nikamsimulia. Akasema wewe unamuuliza leo, mimi nilimpokea. Alirudi usiku, amekonda, begi moja. Nchi ilikuwa kwenye ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyoiomba Mwalimu, sabuni yenyewe ya kupanga foleni. Mama hakumwambia asante. Haikumjia hata akilini, alisema, utamshukuruje mtu aliyekonda hivyo? Alimwambia, "Pole, shemeji."

Pole ina jibu lake, kila mtu analijua. Unaambiwa pole, unasema nimeshapoa. Baba mdogo hakusema. Alikaa kwenye kigoda, akawa anafungua kamba za buti moja, akazifunga tena, akazifungua. Mama akasubiri, hakuna jibu. Mwishowe akauliza kama kuna kipande cha sabuni. Mama alikuwa na kipande cha mwisho, kimebaki chembamba kama kadi, akampa chote.

"Hajanijibu mpaka leo," mama akasema, na akacheka, kisha akaniambia nisichelewe basi.

Baba mdogo alinisindikiza stendi. Alitaka kunibebea begi, nikakataa, tukavutana nalo kidogo mpaka akashinda. Mchuuzi wa karanga alitufuata, kondakta wawili wakanigombea. Nikapata siti ya dirishani. Akasimama chini pale, mikono nyuma, amenyooka kama wanavyonyooka wao, na basi likawa linaunguruma bila kuondoka, kama kawaida ya mabasi. Nilikuwa natafuta neno la kumuaga. Asante ilikuwa mdomoni kabisa, kwa ukarimu, kwa begi, kwa yote. Nikaimeza.

"Baba mdogo," nikasema, "pole na vita."

Alinitazama kama niliyemsalimia kwa jina la utotoni. Dereva akapiga honi. Kondakta akapiga kofi ubavuni mwa basi, tukaanza kusogea, naye akatembea sambamba na dirisha hatua tatu nne, akichechemea.

"Nimeshapoa," akasema. Halafu kwa sauti ya juu, maana tulikuwa tunamwacha: "Magoti bado!"