Kengele ya joto ikilia, anza na umeme

Ujumbe ukiingia kwamba chumba cha vifaa vya mtandao kimefika nyuzi 34, wengi hukimbilia swichi ya mtandao, ile inayounganisha vifaa. Hapa Dar, mara nyingi swichi haina kosa. Umeme umekatika, UPS (kifaa chenye betri ya akiba) imebeba vifaa, AC imezimika. (Usiiunge AC kwenye UPS hiyo, itaimaliza chapuchapu.) Umeme ukirudi, UPS inaripoti kwamba mambo ni shwari, lakini AC ya ukutani isiyojiwasha yenyewe inabaki kimya mpaka mtu ashike rimoti. Chumba kimefungwa na vifaa vinatoa joto lilelile. Ndiyo maana kengele hulia wakati kila mtu ameshasahau kwamba umeme ulikatika.

Kwa hiyo panga arifa zote kwa muda, urudi nyuma saa mbili hivi, utafute ile ya UPS kuhamia kwenye betri. Angalia saa za kumbukumbu: vifaa vingi huandika UTC, yaani saa ya kimataifa, na Dar iko saa 3 mbele. Iliyoandikwa 23:10 ilitokea saa nane na dakika kumi usiku.

Halafu soma ni kihisi kipi kimelia. Kwa hewa inayoingia mbele ya vifaa, ASHRAE, chama cha wahandisi wa vipoza hewa cha Marekani, wanapendekeza nyuzi 18 hadi 27. Kihisi cha chipu, kilicho ndani ya kifaa, ni habari nyingine kabisa. 60 yaweza kuwa kawaida yake, kwa hiyo fuata kikomo cha mtengenezaji. Vifaa vyote vikipanda pamoja, tatizo ni chumba. Kikipanda kimoja, angalia mzunguko wa feni zake: ikisoma sifuri, feni imekufa, ikizunguka kwa kasi na joto halishuki, matundu yamezibwa na vumbi au nyaya.

Tatizo likiwa chumba, washa AC kwanza. Ikipuliza hewa isiyo baridi, safisha kichujio, na umwite fundi mapema. Wakati unamsubiri, fungua mlango uweke feni inayotoa hewa nje, na zima seva za majaribio na milango ya PoE ya swichi (matundu ya nyaya yanayopeleka umeme kwa vifaa kama kamera) isiyo ya lazima. Unyevu wa pwani na vumbi vitaingia, lakini kwa saa moja ni nafuu kuliko swichi kujizima. AC ikirudi, funga mlango.

Kinachosahaulika ni betri za UPS. Zile za madini ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 za kudumu juu ya 25. Kipimo cha volti peke yake kinadanganya: betri mbovu ya volti 12 itasoma 13.6 ikiwa kwenye chaji, kisha ianguke mara tu ikibebeshwa mzigo. Ipime kwa mzigo.

Kuhusu viwango, mimi naweka onyo nyuzi 28 zikidumu dakika 5, hatari 32, na kengele izimike ikishuka 26. Ukiweka kuwasha na kuzima palepale 28, simu italia usiku kucha na mwishowe mtu ataizima.

Usitegemee trap za SNMP peke yake, yaani arifa ambazo kifaa hujitumia chenyewe kwenye mtandao. Zinapita UDP 162, njia isiyohakikisha kwamba ujumbe umefika, na ikipotea moja njiani hakuna atakayejua. Uliza kifaa mwenyewe kila dakika, na kutojibu nako kuhesabiwe kuwa arifa. Ujumbe wenyewe usipite kwenye swichi inayolalamika: modemu ya SMS iunge kwenye UPS, na laini yake iwe na salio.