Jumamosi ya tonamenti: siku yangu na watoto tisa wa chesi kutoka Kayole, Nairobi

Saa 10:40 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu. Jumamosi ya tonamenti huwa silali sawasawa, naota watoto wamepotea tao. Kitu ya kwanza ni kuhesabu kete, seti moja ni kete 32 na mimi niko na seti nne, kwa hivyo ni 128, nazimwaga kitandani nahesabu moja moja kwa tochi ya simu juu stima ilipotea jana usiku na haijarudi. Zimetimia. Nimekunja mbao za plastiki, nimeweka saa mbili za chesi, maji, mkate mbili, karatasi zenye sahihi za wazazi, halafu nikawasha jiko nikapika uji wa wimbi nikajaza thamosi kubwa.

Huo uji siendi nao kwa bahati. Phiona Mutesi, yule dada wa Katwe kule Kampala, siku ya kwanza aliingia kwa darasa la chesi la Robert Katende akifuata kaka yake, na kilichomvuta ni kikombe cha uji. Mwaka wa 2012 huyo huyo alipata taji la Woman Candidate Master, cheo cha wachezaji wanawake wa chesi, kwa Olimpiadi ya chesi Istanbul. Mtoto mwenye njaa hawezi kukaa na wazo moja kichwani dakika tano, nimeona hiyo mara nyingi sana, na watoto wangu wengine wanatoka nyumbani asubuhi na chai ya rangi pekee.

Saa 12:15 asubuhi, steji

Watoto tisa wote wamefika, mdogo ana miaka saba na mkubwa kumi na mbili. Mama mmoja amenishika mkono akaniambia, "Kocha, huyu nakuachia, kombe lisipopatikana ni sawa, ila hakikisha amekula." Nilimwambia mama usijali. Baba mwingine akanivuta kando, "Kocha, leo tunatarajia namba ngapi?" na mtoto wake amesimama hapo hapo anasikia kila kitu. Nimemjibu, mzee wangu, leo tunatarajia acheze raundi tano na afikirie kabla ya kushika kete. Hakufurahi. Lakini kuna mtoto nilikuwa naye mwaka juzi, mzuri kunishinda mimi nikiwa umri wake, aliacha chesi kabisa kwa sababu kila akishindwa safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kelele, na mpaka leo sijapoa.

Kwa matatu makanga ameona mbao akauliza hiyo ni drafti? Mtoto wa nyuma akamjibu kwa sauti, "Hii si drafti, huku hulazimishwi kula!" Nilicheka hadi abiria wakageuka, lakini amesema kitu ambacho kilinichukua miezi kuelewa. Huku kwetu mtoto anajua drafti kabla ya chesi, ile ya vifuniko vya soda nje ya kinyozi, na kwa drafti ukiona kete ya mpinzani ya kula lazima uile. Akija kwa chesi mkono wake unakula kila kitu kinachokaribia, unamwekea askari wa bure anamla na malkia, malkia anabaki peke yake upande ule mwingine wa ubao na hana wa kumsaidia. Sahizi nikipata mtoto mpya swali langu la kwanza ni kama anacheza drafti, akisema ndio, wiki mbili za kwanza ni mchezo mmoja tu, namwekea kete za bure na yeye kazi yake ni kuniambia kwa nini asile.

Saa 2:20 asubuhi, Westlands

Tumebadilisha matatu pale Odeon, tao, na tukafika kwa hiyo shule mapema. Ukumbi mkubwa, sakafu inang'aa, meza zimepangwa na saa mpya mpya. Watoto wangu walinyamaza ghafla. Kuna watoto wengine wamekuja na makocha wawili, traksuti zina majina yao mgongoni, mmoja ana tableti anarudia ufunguzi, zile hatua za mwanzo wa mchezo, kabla hata ya kunawa mikono. Hapa huwa nawatoa nje tukae kwa nyasi, tunakunywa uji, nawakumbusha ubao ni ule ule, miraba 64, na yule mtoto wa traksuti pia anaanza na mfalme mmoja kama wewe.

Usajili ulikuwa na shida. Kuna karani alisisitiza mmoja wangu hafai kuwa kundi la chini ya miaka 10 kwa sababu ametimiza kumi mwezi wa tatu. Nilikuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa, nikamweleza polepole kwamba inahesabiwa umri wa tarehe 1 Januari, na hiyo siku alikuwa na miaka tisa. Ilichukua dakika arobaini na mtoto amesimama hapo anaulizwa mara mbili mbili kama ni mwongo. Hiyo iliniuma. Sheria inajulikana, na mtu anayewekwa kwa ile meza anafaa awe ameisoma.

Saa 4:10 asubuhi, raundi ya kwanza

Ilitakiwa kuanza saa tatu. Wazazi na makocha wote nje, mlango ukafungwa. Dakika 15 kwa kila mchezaji na sekunde 5 za nyongeza kila hatua. Mfumo ni wa Uswisi, hakuna kutolewa, ukishinda unakutana na aliyeshinda, ukishindwa unakutana na aliyeshindwa, kwa hivyo hata aliyepoteza zote anacheza mpaka raundi ya mwisho. Kwa watoto hakuna mfumo mzuri kuliko huu, mtoto ameamka saa kumi na moja alafu umtoe saa nne na nusu?

Dakika sita baadaye wa kwanza wangu ametoka, wa miaka saba, macho yamejaa machozi. Amefungwa kwa hatua nne. Malkia mweupe h5, askofu c4 (herufi na namba ni jina la mraba kwa ubao), wote wanatazama f7, pale ambapo mlinzi ni mfalme pekee, na yeye akaona malkia amekuja karibu akafurahi akatoa farasi f6 amfukuze, malkia akala f7, chekimeti, mfalme ameshambuliwa na hana pa kukimbilia. Tumefanya hiyo kitu darasani labda mara ishirini. Sikusema hivo. Nilimpa mkate, tukakaa, baada ya muda akasema mwenyewe, "Nilikuwa naangalia malkia, sikuangalia alikuwa anaangalia nini." Basi, hiyo tosha, nikamwacha akacheze mpira na wengine.

Kuna makocha wanafundisha hiyo ya hatua nne kama silaha, na wazazi wanaipenda juu mtoto anashinda haraka na anarudi na medali mwezi wa kwanza. Mimi nafundisha kuizuia tu. Mtoto aliyezoea kushinda kwa mtego akikutana na anayeujua anabaki bila kitu cha kufanya hatua ya tano.

Raundi ya pili ilipita vizuri, watano walishinda.

Saa 7:40 mchana, raundi ya tatu

Sasa hii ndio sababu naandika.

Kuna kasichana kangu ka miaka tisa, kapole, hata jina lake analisema kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshinda zote mbili na raundi ya tatu wakamweka meza ya pili, na mmoja wa wale wa traksuti. Mimi niko nje nimeegemea ukuta na wazazi wengine, muda unaenda, meza zingine zote zimeisha, watoto wakitoka wananiambia "Kocha, ako na malkia na mwingine hana kitu!" Moyo wangu ulikuwa unapiga vibaya. Mfalme na malkia dhidi ya mfalme peke yake, hiyo ni ushindi, sivyo.

Mlango ukafunguka akatoka yule kijana kwanza, anaruka. Halafu yeye akatoka polepole, hakuniangalia usoni. Sare. Stelimeti.

Alilia kwanza, tukakaa chini ya mti mpaka akaisha. Nilimuuliza anataka kunionyesha ama tuache, akachukua ubao mwenyewe akapanga. Mfalme mweusi g8, malkia wake mweupe e7, mfalme wake huko d4. Kijana akasonga h8, kwa kona. Na yeye akasogeza malkia f7. Mweusi hana pa kwenda, g8 imefungwa, g7 imefungwa, h7 imefungwa, na hajapigwa cheki, yaani mfalme mwenyewe hashambuliwi. Mchezo umeisha, nusu nusu.

Nikamuuliza kwa nini f7. Akanijibu, "Kocha si ulisema malkia awe kivuli chake, akisonga na wewe unasonga vile vile."

Nilinyamaza. Ni kweli nilisema. Jumanne iliyopita dakika tano za mwisho niliwaonyesha ile njia, weka malkia mbali na mfalme wa mpinzani kwa hatua ya farasi, miraba miwili na mmoja kando, halafu umuige, akienda kulia nenda kulia, akishuka shuka, mpaka ajisukume mwenyewe kwenye ukingo wa ubao. Inafanya kazi vizuri sana. Lakini ina sentensi ya mwisho, akiingia kona SIMAMA, acha malkia pale pale na ulete mfalme wako. Pale e7 alikuwa tayari amemaliza kazi, mweusi angebaki anatembea g8, h8, g8, h8, na yeye analeta mfalme taratibu mpaka f6 au g6, halafu malkia g7, chekimeti. Hiyo sentensi sikuisema kwa sababu mwenye ukumbi alikuwa ameanza kuzima taa, na dakika hamsini za kwanza nilikuwa nimezitumia kwa ufunguzi juu wazazi wawili waliniomba watoto wafundishwe ufunguzi "wa kisasa" kabla ya tonamenti. Yeye alifanya kila kitu nilichomfundisha, mpaka hatua ya mwisho. Kosa lilikuwa langu nikamwambia hivo, kwa maneno hayo hayo, "Hili ni langu, mama, si lako." Aliniangalia kama hajaamini mtu mzima anaweza sema hivo.

José Raúl Capablanca, yule Mkyuba aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 mpaka 1927, alishikilia kwamba mtu ajifunze mwisho wa mchezo kwanza. Nimejua hiyo miaka mingi, nimeirudia kwa wazazi hata, na bado kila tonamenti ikikaribia narudi kwa ufunguzi kwa sababu ndio unaonekana, mzazi akichungulia mlangoni anaona mtoto anacheza hatua kumi haraka haraka anajua pesa yake inafanya kazi. Mfalme na malkia peke yao kwa ubao mtupu inaonekana kama hakuna kitu kinafundishwa.

Saa 9 mpaka saa 11

Raundi ya nne alishindwa, hakuwa amerudi kichwani bado. Ya tano akashinda, akamaliza na pointi tatu na nusu. Mmoja wangu aliacha mfalme kwa cheki bila kuona, mpinzani akaongezewa muda, nikawakumbusha wote kwamba ukirudia mara ya pili umepoteza mchezo. Yule wa hatua nne alishinda mbili na sasa hataki kwenda nyumbani. Medali moja tumepata, shaba, kundi la chini ya miaka 8. Yule wa cheti cha kuzaliwa alishika nafasi ya sita na aliposikia jina lake likisomwa alikaa wima sana kwa kiti.

Saa 1 usiku, Kayole

Jogoo Road ilikuwa imeshikana kabisa, watoto wanne wamenilalia. Steji wazazi walikuwa wanangoja. Yule baba wa namba ngapi alimuuliza mtoto wake swali la kwanza kabla hata hajashuka vizuri, na swali lilikuwa, "Umekula?" Sikutarajia. Nilimsalimia kwa mikono miwili.

Kuhesabu kete nyumbani, 127. Farasi mweupe hayuko. Nimetafuta kwa begi zote.

Saa 3:20 usiku

Nimeandika ratiba mpya ya mwezi. Wiki mbili hakuna ufunguzi kabisa, tunaanza na ngome mbili, halafu malkia, halafu ngome moja, halafu mfalme na askari mmoja, na kila mtoto lazima amalize mbele yangu mara kumi ndio apite. Nimetumia wazazi kwa grupu ya WhatsApp na kueleza sababu, pamoja na ile ya stelimeti na kwamba ilitoka kwangu. Wawili wamejibu sawa kocha. Mmoja ameuliza kama ada itapungua.

Halafu ikaingia voisi ya mama wa yule msichana, ila sauti ni ya mtoto mwenyewe, ya chini vile vile. "Kocha, nimecheza na kaka malkia na mfalme. Nimemfunga mara nne. Ya tano imekuwa stelimeti tena, lakini hii ilikuwa kona ingine. Na farasi yako iko kwa mfuko wa sweta yangu."

Nimemwambia alale, Jumanne aje nayo, na aniwekee hiyo kona ingine.