Nilivyozuia homa ya nguruwe isiingie bandani: uzoefu wangu Bagamoyo

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na chanjo ya kumchoma nguruwe wako hapa kwetu haipo. Ikishaingia bandani inaweza kuwamaliza wote, dume, majike na vitoto, kwa muda wa wiki mbili au tatu. Haimpati binadamu, lakini binadamu ndiye anayeibeba. Ninafuga upande wa Kiwangwa, barabara ya Msata, majike 14 na dume mmoja. Kazi yangu yote naiweka kwenye jambo moja: ugonjwa usivuke geti.

Nianze na porini, maana ndiko kila mtu anakonyooshea kidole. Kuvuka mto Wami unaelekea hifadhi ya Saadani, na hata huku kwetu mashambani, kuna ngiri na kuna nguruwe mwitu, na hao wawili wasichanganywe. Ngiri anaishi na virusi hivi tangu enzi na haugui. Anavipata akiwa mtoto shimoni, kwa kuumwa na papasi, yaani kupe laini wanaoishi humo. Ngiri mzima akisimama karibu na nguruwe wako hamwambukizi hivi hivi. Anayefanya kazi hiyo ni papasi. Nguruwe mwitu halali mashimoni, hutembea usiku, hufukua mihogo na kufuata maembe yaliyoanguka. Huyo naye hubeba virusi bila kuonyesha ugonjwa, na ndiye anayefika hadi nyuma ya banda. Ulaya hali ni nyingine: nguruwe wao wa porini wanaugua na kufa kama wa kufugwa, na mzoga mmoja msituni unaambukiza wengine kwa miezi. Ndiyo maana Jamhuri ya Czech, ugonjwa ulipoingia mwaka 2017, walizungushia eneo uzio, wakapita msitu wakitafuta mizoga na kuiondoa, na kufikia 2019 wakawa wamejisafisha. Kwetu usingoje kuona mizoga porini ndipo ujue kuna hatari. Hutaiona.

Uzio wangu ni wa mistari miwili. Wa nje ni minyaa, nao ni kwa ajili ya watu na mbwa tu, maana nguruwe mwitu anaupenya bila shida. Wa ndani ni wavu wa chuma wenye kimo cha mita 1.2 juu ya ardhi, na sentimita 40 zimezikwa chini, kwa sababu huyu mnyama hufukua na kupita chini. Nguzo zimeachana mita 2.5. Kati ya wavu na minyaa nimeacha mita 2 za ardhi tupu iliyofyekwa. Hapo ndipo ninaposoma nyayo kila asubuhi kabla ya kulisha. Nikikuta pamefukuliwa naziba siku hiyo hiyo kwa mawe na zege, kwa sababu aliyepata njia usiku huu anarudi kesho. Msimu wa maembe na mabibo naokota yaliyoanguka kila jioni. Wavu mzuri hauna maana kama ndani kuna harufu ya embe bivu. Mihogo nayo sipandi karibu na banda.

Papasi ni suala la ukuta. Hawa si kama kupe wanaong'ang'ania mwilini kwa siku nyingi. Wanatoka usiku, wanashiba kwa nusu saa hivi, wanarudi ufani. Kwa hiyo kumpulizia nguruwe dawa mchana na kuacha nyufa ni kazi bure. Ukuta wa udongo uliopasuka ndio nyumba yao, na wanaweza kukaa humo miaka bila kula huku virusi vikiwa hai ndani yao. Nilipiga lipu ya saruji hadi kimo cha mita moja, nikaziba nyufa za juu, nikapaka chokaa. Kila mwezi napita na tochi usiku, naangalia maungio ya mbao na chini ya mawe. Ukimwona ni kijivu, mwenye ngozi kama ya mbaazi iliyosinyaa. Kama banda lako ni la udongo na umewahi kupoteza nguruwe, afadhali ujenge jipya kuliko kutumaini dawa.

Sasa geti, na hapa ndipo nataka tusikilizane. Wavu nimeueleza kwanza kwa sababu ndio unaogharimu, lakini kwa ninavyouona ugonjwa huu ukitembea kwenye vijiji vyetu, unapita zaidi kwenye mabuti, kamba, makombo, nyama na dume la kuazima.

Wanunuzi wa kitimoto hutoka Dar es Salaam kwa pikapu au bodaboda, na kwa siku moja wanapita mabanda matano. Kijana akifika huanza, "Shikamoo mzee, naingia kidogo niuone mzigo." Namjibu, "Marahaba mwanangu. Mzigo utauona hapa hapa." Nguruwe anatolewa na mtu wangu hadi kipandio kilichojengwa kwenye wavu, anapimwa mizani, anapakiwa kutoka upande wa nje. Akishatoka harudi, hata bei ikivunjika. Kamba ni zangu. Tazama kamba ya mnunuzi kwa makini: kwenye mafundo utaona weusi uliokauka, na ule ni damu. Hakuna kitu chenye virusi vingi kama damu ya mgonjwa, na vikiwa ndani yake hudumu muda mrefu sana. Kamba zangu nazichemsha kila baada ya kuuza.

Kuhusu beseni la dawa mlangoni, wengi wanaliamini kupita kiasi. Dawa inahitaji dakika 30 kugusana na kiatu, na mtu anachovya sekunde tano. Tope na kinyesi vinameza nguvu ya klorini iliyo kwenye dawa, jua linaidhoofisha, mvua ya masika inaizimua. Kwa hiyo mimi nimechora mstari. Viatu vya nje haviuvuki. Mabuti ya ndani na ovaroli vinakaa ndani, jozi mbili kwa kila mfanyakazi, moja mguuni na nyingine imelowekwa. Kwanza yanasuguliwa kwa brashi na sabuni hadi mikunjo ya chini iwe safi, ndipo yaingie kwenye dawa. Natumia jiki yenye asilimia 3.5: lita 2 za jiki kwa lita 1 ya maji, na inabadilishwa kila asubuhi. Ukiweka kifuniko kimoja kwenye ndoo ya lita 20 umetengeneza maji yenye harufu tu.

Sakafu naiosha kwa sabuni na brashi kwanza, kisha kostiki soda gramu 400 kwa lita 20 za maji, iachwe zaidi ya nusu saa, halafu isuuzwe vizuri kabla ya nguruwe kurudi. Unamimina kostiki kwenye maji taratibu, kamwe si maji kwenye kostiki, maana inachemka na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani, na usiimwage kwenye vyombo vya aluminiamu, inavila.

Makombo ya mahoteli ya ufukweni yanavutia kwa sababu ni chakula cha bei ndogo. Mimi siku hizi nanunua pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, ingawa bei inauma. Lakini kama huwezi kuyaacha makombo, yachemshe kikweli: vipande vikubwa, hasa vyenye mfupa, vikate viwe vidogo, na hesabu saa nzima tangu yaanze kutokota huku ukikoroga hadi chini ya pipa. Linaloharibu kazi si pipa, ni ndoo. Ndoo iliyoleta makombo mabichi ikitumika kugawa yaliyoiva, umerudia mwanzo. Ile ya makombo mabichi ipake rangi nyekundu, isivuke mstari. Wafanyakazi hawali kitimoto wala nyamapori eneo la banda, na sharti hilo linanihusu na mimi.

Dume haazimwi wala haazimishwi. Jirani akiomba nakataa kwa upole, na namweleza sababu. Nguruwe mgeni anakaa siku 30 kwenye kibanda cha pembeni, mita 60 kutoka kwa wenzake, akihudumiwa mwisho, na joto linapimwa kila asubuhi. La kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Akifika 40.5 na hataki kula, nasimamisha kila kitu.

Kusimamisha maana yake ni hii. Hakuna nguruwe wala nyama inayotoka, hata ya yule anayeonekana mzima, maana anaweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla ya dalili. Dalili zenyewe ni kulundikana kona moja, masikio na tumbo kuwa vyekundu au kama zambarau, mimba kutoka, damu puani au kwenye kinyesi. Namwita afisa mifugo achukue damu iende maabara, kwa kuwa kwa macho huwezi kuitofautisha na magonjwa mengine ya homa kali. Kutoa taarifa ni takwa la Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Najua kishawishi cha kuuza haraka kabla hawajafa wote. Nakielewa, ni ada ya shule ya mtoto inayoteketea. Lakini pikapu moja ya namna hiyo inatosha kuumaliza mtaa mzima wa wafugaji, na inaishia kwenye banda la mtu aliyekopa.

Mzoga usipasuliwe, hata kwa kutaka kujua kilichomuua. Zika pale pale nguruwe alipofia kama udongo unaruhusu, shimo la kutosha kubaki na zaidi ya mita moja ya udongo juu yake, mbali na kisima. Karibu na pwani maji yako juu, hivyo chimba sehemu ya mwinuko. Juu yake weka miba na mawe, kwa sababu mbwa wa mtaani watakuja usiku ule ule.

Kurudisha nguruwe kunataka subira. Baada ya kuosha na kuua vimelea mara mbili, banda likae tupu siku 40 angalau. Kisha ingiza wawili tu, waachie watembee vyumba vyote, walale kila kona, uwapime joto kila siku kwa wiki sita. Wakibaki wazima na damu yao ikitoka safi maabara, ndipo unaleta wengine.