Kabla ya kujaza difuza, weka tone kwenye karatasi

Difuza ni kifaa kinachogeuza maji na matone ya mafuta ya mimea kuwa mvuke wenye harufu. Chupa ya kahawia ya mafuta hayo unayouziwa Goma inaweza kuandikwa "lavande" mbele kwa herufi kubwa, kumbe nyuma, kwa herufi za kukodolea macho, ni "huile parfumée". Hayo ni manukato tu. Tafuta "huile essentielle", yaani mafuta halisi ya mmea, pamoja na jina la mmea kwa Kilatini: lavanda ni Lavandula angustifolia. Jina hilo lisipokuwepo, rudisha chupa.

Bado una shaka? Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uliache hadi kesho yake. Lavanda, limau na karatusi hupotea hewani, karatasi ikabaki kavu. Yakiwa yamechanganywa na mafuta ya kula, utakuta duara linalopitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Mafuta ya namna hiyo huganda kwenye kisahani kidogo kinachotetemeka chini ya maji, mvuke ukafifia hadi ukakatika. Vetiva, mafuta ya mizizi ya nyasi, peke yake isikutishe: ni nzito, huacha alama hata ikiwa safi.

Matone 3 hadi 5 yanatosha mililita 100 za maji. Washa dakika 30, zima. Wengi huongeza matone kwa kuwa hawaisikii tena harufu, kumbe pua imezoea tu. Toka nje kidogo, urudi, utaisikia.

Kwa usingizi, lavanda. Mchaichai ni mkali, anza na matone 2. Limau hutafuna plastiki hafifu, kwa hiyo usiiache ikilala ndani ya tangi. Karatusi tumeizoea, miti yake imejaa kwenye vilima vya Kivu, lakini ina sineoli nyingi, na nanaa ina mentoli: zote mbili zinaweza kumbana pumzi mtoto mdogo. Anapolala mtoto wa chini ya miaka 3, usiziwashe kabisa. Mwenye paka aepuke melaleuka, ile inayoandikwa "arbre à thé".

Maji ya ziwa yana madini mengi, huacha unga mweupe kwenye kisahani. Kila wiki kilowanishe kwa siki dakika 10, ufute kwa pamba, usuuze. Usikikwangue kwa kisu.

Na tafadhali, usiku wa baridi, mbabula itoke nje na dirisha lifunguliwe kwanza. Hewa ya sumu ya makala haina harufu, na lavanda haiipunguzi hata kidogo.