Kidole cha mvuvi na sahani niliyokaribia kuitupa

Siku ya kwanza niliandika kwenye daftari la maabara kwamba hakuna kilichoota kwenye sahani ya kuoteshea bakteria niliyoipaka usaha. Usaha huo ulitoka kwenye kidole cha mvuvi wa sangara wa hapa Mwanza, kidole kilichochomwa na ndoano, kikafunga na kufumka mara tatu licha ya sindano za gentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Sahani ile ilinusurika pipa la taka kwa sababu ya uvivu wangu tu. Siku ya tatu nikaona vidoa vidogo kama vichwa vya sindano, na vipimo vikaonyesha kuwa ni Staphylococcus aureus, bakteria ambaye kwa kawaida huijaza sahani ndani ya saa 24.

Gentamaisini huingia ndani ya bakteria kwa kuvutwa na chaji ya umeme iliyo kwenye utando wake, nayo chaji hiyo hutokana na upumuaji. Bakteria aliyeharibikiwa na mfumo wa upumuaji hawezi kuivuta dawa ya kutosha, kwa hiyo haimuui. Lakini papo hapo hukosa nguvu ya kukua upesi na ya kutengeneza sumu nyingi. Wenzangu wengi huishia hapo na kusema kwamba usugu humdhoofisha mdudu. Mimi sikubali, kwa sababu mnyonge huyu hujificha ndani ya seli za mgonjwa kwa majuma kadhaa, na dawa ikikoma, baadhi ya uzao wake hurudia kasi na ukali wa awali.

Kosa hilo la kukata shauri mapema lina historia. Mwaka 1953 watafiti Middlebrook na Cohn walieleza kwamba vimelea vya kifua kikuu vilivyo sugu kwa isoniazidi, dawa ya ugonjwa huo, havikuwa na makali kwa simbilisi, na vingi vya namna hiyo huwa vimepoteza kimeng'enya cha katalasi, ambacho humlinda kimelea na pia huiamsha dawa hiyo. Hata hivyo, badiliko la jeni linaloonekana zaidi kwa wagonjwa ni lile linalokizuia kimeng'enya hicho kuiamsha dawa, huku likikiachia sehemu kubwa ya kazi yake ya kumlinda kimelea. Kwa rifampisini, dawa nyingine ya kifua kikuu, nako, vimelea sugu vilivyopunguza kasi hupata mabadiliko mengine ya jeni yanayoirudisha, bila kuuacha usugu.

Sasa sahani za vidonda sugu naziacha kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, saa 72, na kwenye mfuniko naandika kwa kalamu nyekundu: isitupwe.