Wi-Fi ya hosteli Ng'ong'ona: nilivyoacha kuwinda torenti nikagawa laini kwa vichwa

Nasimamia hosteli ya shangazi yangu huku Ng'ong'ona, Dodoma, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Vyumba thelathini na ushee, wapangaji karibu wote wanafunzi, na Wi-Fi imo ndani ya kodi. Laini ni faiba moja: megabiti 40 kwa sekunde kushusha, 10 kupandisha. Mchana watu wakiwa darasani inatosha na chenji inabaki. Usiku, kuanzia saa moja, ilikuwa vilio. Simu za WhatsApp zinakatika, mtu yuko Zoom na msimamizi wake wa utafiti picha imeganda, na shangazi ananipigia mimi, maana wapangaji wakishamaliza "Shikamoo mama," kinachofuata ni mtandao.

Mshtakiwa alikuwa anajulikana: kijana wa chumba cha mwisho ghorofa ya pili, mtu wa torenti, njia ya kushusha mafaili makubwa kwa vipande. Shangazi alishatoa hukumu. "Baba, mmoja hawezi kuwanyima wenzake wote. Mkatie." Kumkatia ni kazi ya dakika moja. Nikamwomba kwanza niangalie laini inaliwaje.

Saa tatu usiku nikaingia kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti humu ndani, ni MikroTik ya kawaida tu, nikafungua orodha ya miunganisho. Simu za wengi zilikuwa na miunganisho kumi, ishirini, thelathini. Kompyuta ya yule kijana ilikuwa na zaidi ya mia mbili. Lakini kilichonishtua zaidi kilikuwa upande wa kupandisha: megabiti zote 10 zimejaa hadi ukingoni.

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Torenti haikuletei faili kutoka sehemu moja. Unachukua vipande kwa watu wengi, na wakati huohuo unawagawia wengine ulivyonavyo. Mtandao wenyewe, pale laini inapojaa, hugawa nafasi kwa kila muunganisho, haujui nani ni mtu mmoja na nani ni wawili. Ni sawa na sinia la pilau linalogawiwa kwa kuhesabu mikono, halafu mgeni mmoja kaja na mikono mia mbili. Na upande wa kupandisha ukijaa, hata wanaoshusha wanaumia, kwa sababu kila unachopokea lazima kompyuta yako irudishe taarifa kwamba kimefika. Taarifa hizo zikikwama kwenye foleni, aliyekutumia naye anapunguza mwendo. Ndiyo maana kipimo cha spidi kilikuwa kinasoma megabiti 3 hata pale ambapo upande wa kushusha haukujaa.

Fundi aliyetufungia laini alikuwa ameacha kinga yake: ruta izibe milango, yaani namba ambazo programu hupitia mtandaoni, 6881 hadi 6889. Hiyo ndiyo milango iliyozoeleka ya BitTorrent, teknolojia yenyewe ya torenti, tangu enzi za mwanzo, Bram Cohen alipoitoa mwaka 2001. Programu za leo zinachagua mlango wowote zinaotaka. Nikatazama kaunta ya ile sheria, pakiti (vifurushi vidogo vya data) zilizozuiwa zilikuwa za kuhesabika, huku kijana wa ghorofani anakula laini yote mbele ya macho yangu. Nikaifuta.

Rafiki yangu wa mitandao pale mjini akanishauri njia kali zaidi: ruta ichungulie ndani ya pakiti. Mazungumzo ya BitTorrent yasiyofichwa huanza na namba 19, kisha maneno "BitTorrent protocol", ambayo ukihesabu na nafasi ya katikati ni alama 19 kamili. MikroTik inaweza kusoma mwanzo wa kila muunganisho, pakiti 10 za kwanza au kilobaiti 2, ikitafuta maneno hayo. Kwa karatasi ni safi. Kwa vitendo, programu za torenti zilianza kuficha salamu hiyo kwa fumbo miaka ya 2005 na 2006, kwa hiyo nilikamata walioacha mipangilio ya zamani, yule niliyemtaka akapita. Ruta nayo, kwa kulazimishwa kuchungulia mizigo ya kila mtu, ikapanda hadi ikawa yenyewe ndiyo kikwazo. Asubuhi nikaizima.

Kilichonigeuza mawazo ni kisa cha Marekani. Mwaka 2007 mtaalamu wa mitandao aitwaye Robb Topolski aligundua kuwa mtoa huduma wake, Comcast, alikuwa anavuruga torenti kwa siri: mitambo yake ilikuwa inatuma pakiti za kughushi zinazowaambia wawili wanaobadilishana faili kwamba mwenzako amekata. Oktoba mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press likajaribu lenyewe, likitumia Biblia ya King James, kitu ambacho hakuna wa kudai hakimiliki pale, na likaona vilevile. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ikaiamuru kampuni iache. Mahakama ilikuja kutengua amri hiyo mwaka 2010, ikisema tume haikuwa na mamlaka, lakini Comcast walikuwa wameshahama. Mfumo wao mpya, ambao umeelezwa kwenye waraka wa kiufundi RFC 6057, hautazami unashusha nini. Unatazama kama sehemu ya mtandao imeelemewa, kisha aliyetumia sana katika dakika hizo anasogezwa nyuma ya wenzake kwa muda, hadi matumizi yake yashuke.

Kama kampuni kubwa vile, yenye mitambo ya mamilioni, iliona kuwinda aina ya faili hakulipi, mimi na ruta yangu ya kuning'inia ukutani nahangaika nini?

Nikaweka foleni za PCQ, mpangilio wa MikroTik unaogawa laini sawasawa kwa kila kifaa. Kushusha, ruta inahesabu kwa anwani ya anayepokea. Kupandisha, kwa anwani ya anayetuma. Miunganisho iwe mia mbili au mmoja, kifaa kimoja kina fungu moja. Kijana akiwa peke yake saa tisa usiku anachukua laini yote, sina ugomvi naye. Wakiwa ishirini wote wanataka, kila mmoja anaambulia karibu megabiti 2, na kwa megabiti 2 Zoom inakwenda. Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau: nilipanga jumla chini kidogo ya laini yenyewe, 37 kushusha na 9 kupandisha. Usipofanya hivyo foleni inajijenga kwenye kifaa cha mtoa huduma, ambako huna sauti, na foleni zako zinakuwa mapambo.

Usiku ule pingi, muda wa ujumbe kwenda na kurudi, iliyokuwa inaruka hadi milisekunde mia saba ilitulia chini ya sitini, torenti ya ghorofani ikiwa bado inaendelea. Shangazi akadhani nimeshamkatia yule kijana. Sikumsahihisha mapema.

Dosari ipo. Mwenye simu na laptop ana mafungu mawili. Ningeweza kuwapa watu majina ya kuingilia na nenosiri, lakini nawajua wanafunzi, wiki moja tu nenosiri moja lingekuwa linatumika na korido nzima. Nimeliacha.

Kijana mwenyewe nilikwenda kumwona. Chumba kina feni ya mezani iliyoelekezwa kwenye laptop badala ya kitanda. Anasoma kompyuta, anashusha Ubuntu (mfumo wa kompyuta wa bure) na seti za data za mradi wake, na anaendelea kugawa kwa wengine kwa sababu ndiyo adabu ya torenti, ukichukua uache na wenzako wachukue. Hakukasirika. "Kaka, mimi hata ukiniachia yote, jioni haiendi. Siyo wewe."

Tukajaribu pamoja. Faili lilelile la Ubuntu, zaidi ya gigabaiti 5, saa mbili usiku: kwa kiungo cha kawaida cha tovuti lilikuja kwa zaidi ya megabiti 30, kwa torenti megabiti moja na kitu, ilhali wagawaji walikuwa mamia. Baada ya saa sita torenti ikafumuka yenyewe. Tukahisi mtoa huduma ndiye anayeipunguza torenti jioni, akalazimisha kila muunganisho ufichwe, jioni iliyofuata hali ni ileile. Hiyo haishangazi sana, maana mtambo wa mtoa huduma hauhitaji kusoma ndani. Kifaa kinachoongea na mamia ya anwani kwa mpigo huku kinapokea na kutuma kinajitangaza kwa tabia.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mpole na alirudia neno moja, "matumizi ya haki." Nikauchimbua mkataba kwenye faili la shangazi. Umo ukomo wa gigabaiti kwa mwezi, ukiuvuka spidi inashushwa, na iko sentensi inayowaruhusu "kusimamia" matumizi mazito saa za msongamano. Torenti haikutajwa. Tumesaini wenyewe, basi, ingawa sentensi pana namna ile mtu anaweza kupitisha chochote ndani yake.

Mpangaji mmoja akasema tuweke VPN, njia ya kuficha unachofanya mtandaoni, kwenye ruta. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kujitambulisha kwao, na mimi sikuona sababu ya kuingiza jina la shangazi kwenye habari hizo kwa ajili ya torenti.

Tulichofanya ni cha kawaida. Kijana aliweka ratiba kwenye programu yake: mchana na jioni inatambaa, baada ya saa sita inaachiwa. Kwenye kupandisha nako akaweka kikomo. Kisha akanipa wazo lililonisaidia kuliko foleni zote: wanafunzi wa kozi moja wanashusha vitu vilevile, kila mmoja peke yake, kupitia laini moja. Tukafufua kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo, tukaifunga kwa waya kwenye ruta, ikawekwa Ubuntu, programu za darasani za bure, na Wikipedia ya kusoma bila intaneti. Kitu kinashushwa mara moja usiku, wengine wanachukua humo ndani kwa spidi ambayo faiba yetu haiioni kabisa. Filamu na tamthilia haziwekwi. Sitaki siku moja shangazi ajibu maswali ya COSOTA, wanaosimamia hakimiliki, kwa sababu ya mashine iliyo chini ya meza yangu.

Ule ukomo wa gigabaiti sasa tunaukaribia mwishoni kabisa mwa mwezi, wakati zamani ulikuwa unatukuta katikati.

Mkataba wa laini unaisha Desemba. Nimeanza kupigia kampuni nyingine kuuliza mambo matatu: ukomo ni gigabaiti ngapi, ukivukwa spidi inabaki ngapi, na kama jioni wanapunguza torenti au wanapunguza yeyote anayetumia sana. Nataka majibu kwa maandishi. Hadi leo imejibu moja, na imejibu hayo mawili ya kwanza.